Chupa ya Kumi na Saba

Ilikuja kwa ndege ndogo ya Jumanne,
ndani ya sanduku la barafu lililofungwa kwa waya wa mtego.
Kioo cha kahawia, lita moja,
kizibo kimekazwa na mkono usiopenda kubahatisha.
Kwenye lebo, kwa penseli, maana wino huogopa maji:
Alphonse Ladouceur. Chini ya kijito cha pili. Barafu inavunjika.
Na chini kabisa, kwa herufi za mtu anayeomba radhi:
"Oksana, samaki wa hapa ana ladha ya mafuta ya taa.
Niambie ni yao au ni ya mto."

Swali fupi. Nimelala nalo siku nne.

Nikaanza kwa kutia asidi, tone kwa tone,
hadi karatasi ya kupimia ikaona haya, ikawa nyekundu.
Mwizi hushikwa na mwizi mwenziwe.
Nikamimina kiyeyusho, nikatikisa, nikakitoa pumzi,
nikangoja matabaka mawili yaachane
kama ndugu waliokwisha kugawana urithi.
Lita nzima ya Athabasca
ikabaki doa la rangi ya chai
lisilotosha kulowesha ulimi.

Kisha mashine.
Inanguruma usiku kucha kama jokofu la bucha,
na tumboni mwake mna utupu tunaoulinda kuliko mshahara.
Sindano hupuliza ukungu.
Umeme huivua kila asidi hidrojeni yake moja,
nayo, ikiwa uchi, hurushwa, huzungushwa,
na mwendo wake ndio uzito wake.
Haiulizwi jina. Haiulizwi imetoka kwa nani.

Saa nane za usiku vilele vikaota kwenye skrini,
kichaka cha miiba, elfu moja na ushei.
Mia mbili thelathini na tatu, nukta moja tano nne saba:
kaboni kumi na tano, hidrojeni ishirini na moja, oksijeni mbili,
na ile hidrojeni iliyovuliwa, irudishe mwenyewe.
Naijua kama nijuavyo mlango wa jirani.
Asidi ya nafteni, ukoo wa zile za mabwawa ya taka,
kule ambako mizinga hulipuliwa mchana kutwa
ili bata wasitue.

Lakini kando ya kilele kingine kuna kivuli.
Kaboni tatu, au salfa moja na hidrojeni nne?
Zinapishana kwa nukta sifuri sifuri tatu nne.
Mizani mbovu ingezivika kanzu moja.
Hii yetu ikazitenga.
Salfa ipo. Basi lami ipo.

Lami ya nani?
Mto huu hukwangua kingo zake wenyewe
tangu haujapewa jina;
siku za jua kali ukingo hutoka jasho jeusi.
Bibi yake Alphonse aliichemsha lami hiyo na utomvu wa msonobari,
akaziba nyufa za mtumbwi wa gome.
Nilimkumbusha hayo kwenye simu.
Akanyamaza. Nikasikia birika lake likichemka.
"Bibi alichota kwa kijiko," akasema.

Nimeandika ripoti mara tatu.
"Inalingana na." Neno letu la kujifichia.
Wakili wa kampuni atasoma miiba ileile
aione bustani.
Nimeweka vilele, nimeweka makosa ya kipimo,
nimeweka chupa ya nne, ya juu ya mto, kando ya hii,
na pengo kati yao, ambalo si dogo.
Sikuandika: ni yao.
Mizani hutaja uzito, haitaji mkono.
Nimelisema hilo kwa miaka kumi na moja
na leo limenikwama.

Jumanne iliyofuata ikaja ya kumi na nane.
Pembeni ya chupa, samaki mweupe ndani ya gazeti,
mkavu, mwenye harufu ya moshi,
na penseli ileile:
"Huyu usimpime. Mle."

Nilimpasha moto. Nikaweka sahani, uma, chumvi.
Nikakaa naye mezani
mpaka akapoa.